Steringi Hafi, Lakini Hupigwa Kwanza

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo. Na mama zangu mliofunga vibanda mapema mkaja kunisikiliza, asanteni sana.

Naanza na neno lenyewe, maana naona hapa kuna vijana ambao hawajalisikia. Steringi, yaani mhusika mkuu wa sinema. Darasani nilifundisha "mhusika mkuu" miaka na miaka, na wanafunzi wangu waliliacha mlangoni wakitoka. Steringi hawakumsahau. Mtoto wa darasa la tatu akifika kwenye banda la video swali lake la kwanza lilikuwa, "Steringi nani?" Jina la mkanda alikuwa hana habari nalo. Ukimwambia Anodi, yaani Arnold Schwarzenegger, analipa. Ukimtajia mtu asiyemjua, anarudi kwao na hela yake mkononi.

Juzi nilikuwa saluni Kiborloni nikinyolewa. Televisheni ya ukutani inaonyesha ule mkanda wa Anodi wa mwaka 1985, ule wa komandoo aliyetekewa binti yake. Kinyozi mwenyewe mwaka huo alikuwa bado hajazaliwa. Mashine imesimama juu ya utosi wangu, inanguruma bure, yeye anasubiri Anodi amalize kujipaka rangi usoni na kufunga mikanda ya risasi. Nikamuuliza, kijana, umeuangalia mara ngapi huu? Akasema, "Mwalimu, sihesabu." Mimi nataka tujiulize vizuri: kwa nini hahesabu?

Kuna jibu ambalo watu wanalo tayari mfukoni. Watasema ni misuli, ni bunduki, ni ubabe, wanaume wanapenda vurugu, basi. Nalikataa hilo jibu. Nimelikataa misibani, nimelikataa harusini, nimelikataa kwenye daladala mpaka konda akaniomba nishuke kituo kinachofuata. Na leo nalikataa tena.

Tulikuwa na kanuni: steringi hafi. Kila mtu anaijua. Lakini ilikuwa na nusu ya pili, na hiyo ndiyo imepotea: steringi hafi, lakini hupigwa kwanza. Mkanda ambao steringi hajapigwa, hajafungwa kamba, hajatoka damu, ulikuwa mkanda mbovu. Watu walidai hela zao.

Sikilizeni niwaambie la Majengo, Moshi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Bara hatukuwa na kituo cha televisheni cha kwetu. ITV imekuja mwaka 1994. Kilichokuwepo ni banda. Kuta za mabati na magunia, mabenchi ya mbao, mbele kuna televisheni moja na deki, na pembeni ya televisheni amesimama mkalimani na fimbo yake. Huyu mkalimani alikuwa mpagazi wa mlimani. Kiingereza chake alikiokota njiani akibeba mizigo ya watalii, kwa hiyo maneno ya baridi, ya kuchoka na ya kuumwa kichwa aliyajua sawasawa. Maneno ya wanasiasa hakuyajua, na hakuyahitaji.

Siku hiyo ulikuwa mkanda wa kwanza wa Rambo, wa mwaka 1982. Tafadhali, wa kwanza. Watu wanaposema Rambo wanawaza ile iliyofuata, ya bunduki begani na mabomu. Ile ya kwanza ni kitu kingine kabisa. Mwanajeshi karudi vitani Vietnam. Anatembea kwa miguu, begi begani, anamtafuta rafiki aliyepigana naye. Anafika nyumbani kwa rafiki, anaambiwa amekufa kwa saratani aliyoipata hukohuko vitani. Anaingia mji mdogo, ana njaa, anataka kula tu. Mkuu wa polisi wa pale anamtazama nywele na koti, anamwambia hapa hatutaki watu wa namna yako, anampakia kwenye gari na kwenda kumshusha nje ya mji.

Mkalimani wetu hakusema "mkuu wa polisi". Alisema, "Huyu ni mgambo wa soko." Banda zima likaguna. Mama mmoja wa Mbuyuni aliyekuja na mwanawe akasonya kwa sauti ambayo bado naisikia. Basi, tafsiri ilishamalizika. Hakuna aliyehitaji kuelezwa tena kwa nini tumchukie.

Mambo yakaenda, Rambo akakimbilia msituni, akaruka kutoka kwenye jabali akaangukia matawi ya mti, mkono ukachanika. Akakaa chini. Akafungua kile kisu chake, kile kikubwa, na mpini wake ni mtupu ndani, humo ameweka sindano na uzi. Akaanza kujishona mkono mwenyewe.

Hapo umeme ukakatika.

Mngetegemea nini? Kelele, miluzi, watu kudai hela. Haikuwa hivyo. Kwenye giza ikatoka sauti ya mzee mmoja, fundi viatu, aliyekuwa na kikao chake karibu na stendi. Akauliza, "Ile sindano ni ya nguo au ya ngozi?" Mkalimani akasema ya nguo. Mzee akasema, "Basi atateseka. Ngozi ya mtu ni ngumu kuliko shati. Na ule uzi angeupaka nta kwanza, ungepita." Mwingine akadakia kwamba msituni nta ipo, atafute mzinga. Mwingine akasema nyuki watamsaliti kwa polisi. Tulikaa gizani karibu saa nzima, watu wazima na watoto, tukijadili namna ya kumshona mtu ambaye tulijua fika kwamba hatakufa. Umeme uliporudi mzee yule akasimama, akasogea mpaka puani kwa televisheni kuangalia mshono. Akakaa. Akasema neno moja: "Amejitahidi."

Sasa niambieni, hayo ni mapenzi ya vurugu? Saa nzima hakuna aliyetaja bunduki.

Na mwisho wa mkanda huo ndio kabisa. Rambo analia. Yule yule mwenye kifua kama mlango wa ghala anamkumbatia kamanda wake wa zamani na kulia kama mtoto, anaeleza jinsi rafiki yake alivyolipuliwa mbele ya macho yake. Mkalimani alinyamaza. Fimbo ameishusha. Hakutafsiri hata neno, na hakuna aliyemdai.

Mzee wangu pale nyuma unatikisa kichwa, najua unachotaka kusema. Kwamba mimi nachagua mkanda mmoja unaonifaa. Haya, chukua mwingine. Rocky, 1976. Sylvester Stallone, yule yule aliyecheza Rambo, alikuwa hana kitu, ameandika hadithi ya bondia, matajiri wa filamu wanaitaka, wanamwekea fedha mezani ili steringi awe mtu mwingine mwenye jina. Akagoma mpaka wakampa nafasi aicheze mwenyewe. Ikachukua Oscar ya filamu bora. Na Rocky, kwa taarifa ya wale mliosahau, anashindwa! Anapigwa raundi 15, uso umevimba mpaka jicho halifunguki, na majaji wanampa ushindi mwenzake. Tulichokumbuka wote ni kwamba alimaliza raundi zote akiwa amesimama.

Na hilo la kutokufa halikuwa letu peke yetu. Kitabu alichotoka Rambo, cha David Morrell, cha mwaka 1972, mwishoni Rambo anakufa. Hata waliotengeneza filamu walipiga picha za mwisho ambao anakufa. Wakawaonyesha watazamaji wa majaribio huko Marekani, wakakataa katakata, ikabidi aachwe hai. Hao hawakuwahi kufika Majengo, na kanuni ni ile ile. Mtu ameteseka kiasi kile, amejishona mwenyewe, halafu umuue? Haikubaliki popote.

Kuna kijana mmoja huwa ananipinga kila nikilizungumza hili, anasema mwalimu, hizo filamu zilikuwa za kuwatukuza Wamarekani na vita vyao baridi. Zipo, sikatai. Zilizofuata za Rambo zilijaa hayo. Lakini bendera ilikuwa haivuki mlango wa banda. Mkalimani aliiacha nje. Majenerali wakianza hotuba, yeye anasema, "Hapa wanaongea mambo yao," na fimbo inagonga chini, tunasubiri mtu atokee. Sisi tulichukua mtu, nchi yake tukawaachia wenyewe. Jina lake tukalitia hata sokoni: mfuko wa plastiki tukauita rambo, "nitilie kwenye rambo," mpaka serikali ilipoipiga marufuku mwaka 2019. Mfuko! Kitu cha kubebea mzigo. Bibi asiyewahi kuona sinema maishani mwake alikuwa analitamka jina hilo mara kumi kwa siku.

Na jambo jingine ambalo wasomi hawataki kuliangalia: lugha. Wachunguzeni hao masteringi mmoja mmoja. Anodi ni mtoto wa kijijini Austria, Kiingereza chake mpaka leo kina Kijerumani ndani. Van Damme ni wa Brussels, amekua na Kifaransa. Bruce Lee alizaliwa San Francisco lakini alikulia Hong Kong. Stallone walipomvuta kwa koleo wakati wa kuzaliwa, mshipa wa fahamu wa usoni ulikatika, ndiyo maana mdomo umelegea upande na maneno yanatoka mazito. Charles Bronson alitoka kwenye familia ya wahamiaji wa Lithuania, watoto 15, na kabla ya sinema alichimba makaa ya mawe Pennsylvania. Uso ule wa makunyanzi ni uso ambao mchimbaji wa Mererani anaujua. Hakuna hata mmoja hapo mwenye ulimi wa redioni. Wanasema maneno mawili, matatu, halafu mwili unamalizia. Kwa mtu wa Moshi aliyekaa benchi la mbao, ambaye Kiingereza kilimpigisha magoti shuleni, huyu steringi hakuwa bwana mkubwa. Alikuwa mwenzake.

Ndiyo maana nakasirika nikimwona kijana wa bodaboda amevaa miwani myeusi, anamsukuma mama mwenye ndoo ya ndizi, anasema "mimi steringi." Wewe si steringi. Wewe ni yule wa kwanza kupigwa ngumi mlangoni ili steringi aingie ndani. Mikanda yote ile, anayesukuma wamama ni adui.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na sehemu nzima juu ya Jackie Chan, aliyeanguka kutoka mtini mwaka 1986 akapasuka fuvu na kurudi kazini, na nyingine juu ya filamu za siku hizi ambazo kompyuta inaruka na steringi hachoki. Ninaziacha. Lakini Arusha siwezi kuiacha, maana ni majirani.

John Wayne, baba yao wote hao, alikuja hapa. Filamu ilitoka mwaka 1962, na jina lake ni neno letu, Hatari. Mwongozaji Howard Hawks aliipiga Tanganyika, huko Momella chini ya Meru, na waigizaji walikamata wanyama wenyewe. Gari linakimbia porini, Wayne amefungwa mkanda kwenye kiti cha mbele nje ya boneti, mkononi mti wenye kitanzi, na mbele yake ni kifaru wa kweli, wa kwetu, mwenye hasira za kweli. Kifaru anapiga ubavu wa gari, chuma kinabonyea. Mwigizaji mwenzake Mjerumani, Hardy Krüger, alipapenda pale akanunua shamba akakaa miaka. Sasa mtu aje aniambie hizi ni habari za mbali zisizotuhusu. Vumbi lililomo kwenye mkanda ule ni vumbi la Arusha, na vijana wetu wanaopeleka watalii Momella kila asubuhi wengi wao hawajawahi kuuona.

Basi, maswali. Yule mama wa mbele amenyoosha mkono tangu nilipotaja sindano. Mpeni kipaza sauti.