Bastola au shotigani? Kwanza ufunguo utakaa wapi

AMINA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu wa Kampala, Jinja, Arua, Gulu, na wewe unayetusikiliza ndani ya teksi. Mimi ni Amina, mtoto wa Bombo. Niko na Afande Otim, aliyetunza ghala la silaha jeshini kwa miaka 19 kabla ya kustaafu. Afande, habari za tangu juzi?

OTIM: Nzuri, dada. Wasikilizaji, hamjambo.

AMINA: Leo tuna ujumbe wa sauti kutoka Mbale. Baba wa watoto watatu, ana duka la jumla na kibanda cha mobile money. Vijana wawili wa pikipiki walimfuata usiku mpaka getini kwake, wakachukua mkoba wa mauzo ya siku nzima. Hawakumgusa. Sasa anauliza: silaha ya kwanza achukue bastola au shotigani? Na mwishoni anasema, "mama watoto bado sijamwambia."

OTIM: Pole sana kwake. Kufuatwa mpaka mlangoni, mbele ya watoto wako, hilo halitoki kichwani upesi. Ujumbe wake nimeusikiliza mara tatu. Ametaja duka, geti na pikipiki. Hakutaja nyumba ilivyo, wala kama aliwahi kushika bunduki. Mimi kabla sijasema bastola au shotigani, nataka kujua hayo.

AMINA: Lakini watu wanaanza na aina, Afande. Ni kama kununua pikipiki, unauliza ipi ina nguvu.

OTIM: Ndiyo, na kuna imani moja nataka tuiondoe leo, kwa sababu inaua watu. Wengi wanaamini shotigani haihitaji kulenga. Wanasema unafyatua tu upande wa mlango, gololi zinatawanyika chumba kizima. Si kweli. Risasi ya shotigani ya kaliba 12, ile nzito, kwa kawaida hubeba gololi 9. Kwa umbali wa mita nne au tano, yaani kutoka kitandani hadi mlangoni, zinakwenda zimeshikamana, tundu lake halizidi sana ngumi ya mtu. Ukikosa, umekosa. Na kila gololi iliyokosa ina pa kwenda.

AMINA: Inakwenda wapi?

OTIM: Inategemea ukuta. Matofali ya kuchoma yaliyopigwa plasta yatazuia mengi. Mabati hayazuii kitu. Mlango wa mbao hauzuii. Dirisha ndiyo kabisa. Na wengi wetu tunaishi kwenye zile nyumba za mzigo, chumba kimoja kimoja kwa mstari, juu hakuna dari, wazi kutoka kwangu hadi kwa jirani. Risasi ya bastola ya milimita 9 inatoka na mwendo wa mita 350 hivi kwa sekunde. Ikipita dirishani inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja. Haijui nani mwizi na nani mtoto aliyelala.

AMINA: Basi bastola ni afadhali, kwa sababu ni ndogo?

OTIM: Udogo ndio ugumu wake. Bastola ni silaha ngumu kujifunza kuliko zote. Mtutu mfupi, mkono ukitikisika kidogo tu, hata kwa mita saba risasi imekwenda pembeni. Shotigani ina kitako, unaibana begani, inatulia. Lakini ina uzito wa kilo tatu na zaidi, inapiga teke, na huwezi kutembea nayo kutoka dukani. Bastola ya saizi ya kati haifiki kilo moja hata ikijaa risasi. Kwa hiyo mtu anayebaki nyumbani, na ana ukuta mzuri, mimi nitamwambia shotigani. Anayetaka kubeba mwilini hana njia ila bastola, na huyo lazima afanye mazoezi mara nyingi kuliko mwenzake.

AMINA: Na anayetaka shabaha tu? Mchezo?

OTIM: Huyo kazi yake nyepesi. Aanze na bunduki ndefu ya pointi tuu-tuu, ile ya risasi ndogo. Haipigi teke, kelele yake ndogo, unajifunza kulenga bila kufumba macho kila ukifyatua. Woga wa kishindo ukishaingia kwenye bega, kuutoa ni kazi ya miezi. Hata anayetaka silaha ya ulinzi, akipata nafasi ya kujifunzia hiyo kwanza, afanye hivyo.

AMINA: Turudi Mbale. Yule baba alishikwa getini.

OTIM: Hapo ndipo roho yangu inapouma. Tuvute picha. Usiku, mkono mmoja una funguo, mwingine una mkoba. Vijana wawili wako nyuma yake, karibu kiasi cha kumgusa. Bastola iko kiunoni, chini ya koti. Ataifikia saa ngapi? Akiigusa tu, sasa watatu wanagombania bastola, na watoto wako nyuma ya geti. Siku ile alipoteza mauzo. Kwa bastola angeweza kupoteza mauzo, bastola na maisha.

AMINA: Na bastola yenyewe inawavuta wezi.

OTIM: Sana. Mnakumbuka tarehe 31 Oktoba 2022, kituo cha polisi cha Busiika, kule Luweero. Kilivamiwa usiku, askari wawili wakauawa, bunduki zikachukuliwa. Kituo cha polisi! Sasa mtaa ukijua duka la fulani lina bastola?

AMINA: Ungemshauri nini kuhusu zile pesa?

OTIM: Pesa zisitembee usiku. Yeye ni wakala: noti azipeleke benki mchana, zigeuke salio kwenye simu kabla jua halijazama. Afunge mapema. Abadilishe njia. Aweke taa getini, na geti lifunguliwe kutoka ndani na mtu aliyemwona kwanza. Hayo afanye wiki hii. Cheti cha silaha hakitoki wiki hii.

AMINA: Kinatoka vipi? Wengine wanadhani unakwenda na pesa dukani.

OTIM: Unaanza chini, kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa wako, mtu anayekujua ukilewa na ukiwa mzima. Halafu polisi na watu wa usalama wa wilaya. Mwenye neno la mwisho ni Inspekta Jenerali wa Polisi, kule makao makuu Naguru. Wanaangalia akili yako, tabia yako, na sababu yako. Cheti ni cha wewe na silaha ile moja. Si cha mke, si cha ndugu, si cha askari wa dukani. Bunduki za kivita usiziulizie. Na yule atakayekuja kukunong'oneza kwamba ana moja ya bei rahisi, mkimbie. Hujui imemuua nani.

AMINA: Nataka kusema langu, Afande. Mimi nimekulia nyumba ya wanajeshi. Babu yangu alikuwa askari tangu wakati wa Mwingereza. Na Kiswahili hiki tunachoongea, wazee wengi wa Uganda walikuwa wakikisikia usiku nje ya nyumba wanazima taa, kwa sababu kilikuja na mtutu. Kwa hiyo mtu akiniambia bunduki itamletea usingizi, mimi siamini haraka. Nilisoma kuhusu utafiti wa Stanford uliotoka mwaka 2020. Waliwafuatilia watu milioni 26 wa California. Wanaume wenye bastola walijiua kwa bunduki karibu mara nane kuliko wasio nayo. Hao hawakuuawa na mwizi.

OTIM: Naamini. Nimemzika mwenzangu kwa sababu hiyo. Biashara ilikufa, mke aliondoka, na bastola ilikuwa kwenye droo. Ingekuwa kwenye sefu, na ufunguo kwa kaka yake, labda usiku ule ungepita.

AMINA: Pole, Afande.

OTIM: Ndiyo maana nauliza ufunguo. Bajeti yake ya kwanza iwe sefu ya chuma iliyofungwa kwa bolti ukutani. Risasi zikae mahali pengine. Chini ya mto, hapana. Juu ya kabati, hapana, mtoto wa miaka sita anapanda kiti. Na kila ukiishika, ihesabu ina risasi. Toa magazini kwanza, ndipo uvute nyuma ile sehemu ya juu ya bastola na uangalie chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, kwa macho na kwa kidole. Ukianza kuvuta kabla ya kutoa magazini, umeingiza risasi nyingine. Kijana mmoja niliyekuwa namfundisha alikosea hapo tu, risasi ikaingia sakafuni kati ya miguu yetu. Kidole kingekuwa nje ya kifyatulio, isingelia.

AMINA: Kwa hiyo jibu lako kwa Mbale?

OTIM: Kwa getini, hapana, wala bastola wala shotigani. Kwa ndani ya nyumba, kama kuta ni za tofali, kama sefu ipo, na kama atakubali kufundishwa mpaka afundishike, shotigani. Wewe je?

AMINA: Mimi bado nasema hapana, kwa sababu ya lile neno la mwisho. Mwanamke analala chumba kile kile na hajaulizwa. Baba, tunakuomba ujumbe wa pili. Utupimie hatua kutoka kitandani hadi mlango wa watoto, utuambie ukuta ni wa nini. Na safari hii mpe mama watoto simu, aseme yeye.