Roka au Kemba: Theluji Ikifika Magotini

REHEMA: Karibuni tena kipindini. Mimi Rehema, na niliye naye ni Salim, ambaye leo amepanda ngazi za hapa akishikilia ukuta.

SALIM: Mapaja, dada yangu. Juzi theluji ilinifika magotini, nami kwa ubishi wangu nikatoka na skii za zamani, zile mbao ndefu za kuvaa miguuni na kuteleza thelujini.

REHEMA: Zile nyembamba?

SALIM: Zile zile. Upana milimita 70 chini ya buti, kemba mwanzo mwisho.

REHEMA: Hebu tuanzie hapo, maana wapo wanaosikia kemba na roka wakadhani ni pacha wa jirani.

SALIM: (anacheka) Chukua skii ya kemba uilaze sakafuni. Katikati imenyanyuka kama upinde, inagusa chini huku mbele na kule nyuma tu. Pitisha karatasi chini ya katikati, inateleza bila shida. Sasa kandamiza kwa kiganja: upinde unalala, karatasi inabanwa. Ule ubishi wa skii kutaka kurudi juu ndio unaoshindilia ncha na mkia chini, kingo za chuma zikauma barafu.

REHEMA: Ya roka ukiifanyia hivyo, karatasi inagoma katikati, inapita mbele. Skii imeanza kuinuka mapema, mbali kabla ya ncha, kama omo la mtumbwi. Nyingine zimeinuka na mkiani pia.

SALIM: Basi huo ubishi wa kemba ndio ulionizika. Ncha ilipiga mbizi, nikaenda kifudifudi, skii moja ikachomoka. Nimechimba kwa mikono karibu nusu saa. Unajua ilikuwa wapi?

REHEMA: Mlimani, juu ya pale ulipochimba.

SALIM: Umejuaje?

REHEMA: Kwa sababu wewe uliendelea kuporomoka, yenyewe ikabaki. Kila mtu anachimba alipolala. Anza kutafuta juu ya pale ulipoangukia, na usitumie mikono. Shika skii iliyobaki, upasue nayo theluji kwa mistari mpaka igonge kitu kigumu.

SALIM: Ningejua hayo juzi! Lakini niulize swali la kichokozi. Kosa langu si wembamba wa skii tu? Ningekuwa na kemba pana, ningeelea.

REHEMA: Ungeelea, ndiyo. Theluji mpya ya unga, mita moja ya ujazo ina kilo 50 hadi 100 hivi, wakati maji ni kilo 1,000. Huwezi kusimama juu ya kitu chepesi namna hiyo bila eneo la kutosha chini ya miguu. Ndiyo maana kampuni ya Atomic walipotoa skii zao pana miaka ya mwisho ya themanini, watu walicheka kwanza, kisha wakazinunua. Na roka ilikuwa bado.

SALIM: Umeona!

REHEMA: Subiri, sijamaliza. Upana unakuelesha, lakini roka ndiyo inayokugeuza. Kwenye theluji ya kina, ncha na mkia wa skii ya kemba vimezama, vimeshikwa pande zote. Ukitaka kuzungusha mguu ni kama kugeuza kasia lililochomekwa topeni. Ya roka miisho yake iko juu, inazunguka chini ya buti, na unaweza kuiparaza ubavu kupunguza kasi. Shane McConkey, mtelezaji skii mashuhuri, aliliona hilo kwenye maji. Huko Alaska aliteremka mlima kwa skii za majini zilizofungwa baindingi, vile vishikizo vya buti!

SALIM: Yule bwana hakuwa mzima.

REHEMA: Labda. Lakini wazo alikuwa ameshalichora mwaka 1996 kwenye karatasi ya baa, huko Las Leñas, Argentina. Volant, watengenezaji skii, wakaja kuitengeneza, wakaiita Spatula: imepinda kinyume cha kemba, na katikati ni pana kuliko ncha. Kila walichofundishwa mafundi, kimegeuzwa.

SALIM: Na kwenye njia ngumu, asubuhi iliyoganda?

REHEMA: Hapo Spatula ni balaa, sibishi. Ukingo unaogusa chini ni mfupi, skii inayumba, ncha zinapigapiga kama kandambili. Ndiyo sababu skii nyingi za leo zina roka mbele na kemba kidogo chini ya buti. Na usiogope kuchukua ndefu kuliko uliyozoea. Ile sehemu iliyoinuka haikuzuii kukata kona.

SALIM: Na kuegemea nyuma? Mimi nilifundishwa kukaa kama niko kitini.

REHEMA: Ndicho kilichoua mapaja yako. Ulikuwa unainua ncha kwa misuli siku nzima. Kwa roka ncha imeshainuliwa kiwandani, wewe unasimama katikati, goti limelegea, basi. Ukiegemea nyuma juu ya roka, mkia unazama na usukani umepotea.

SALIM: Nimeinua mikono. Jumamosi niazime zako.

REHEMA: Nitakupa, kwa sharti. Kuna tepe ndefu za rangi kali, nazifunga kwenye baindingi, ncha nyingine unaificha ndani ya mguu wa suruali. Skii ikichomoka, utepe unafumuka juu ya theluji.

SALIM: Rangi gani?

REHEMA: Waridi. Mita mbili kila mguu.

SALIM: Ehee, na picha zipigwe kabisa.