Difu ya LSD ya Datsun 240Z: kabla hujakaza, pima

BAKARI: Haya, karibuni tena. Leo mezani kuna difu, na inanuka. Dada Zuhura, hujambo?

ZUHURA: Sijambo, kaka Bakari. Hiyo ni oili iliyoungua. Ukishaizoea harufu yake, unajua difu ni ya aina gani kabla hujaifungua.

BAKARI: Hii ni R180 kutoka Datsun 240Z, na ndani ina LSD ya klachi, yaani difu yenye diski za msuguano zinazozuia tairi moja lisikimbie peke yake. Kwa wadogo zetu wanaosikiliza: 240Z ni lile gari la milango miwili lenye boneti ndefu, injini ya silinda sita za mstari, cc 2,393, lililotoka Japani kuanzia mwaka 1969. Wazee wetu wanalikumbuka kwa Safari Rally. Edgar Herrmann alishinda nalo mwaka 1971, na mwaka 1973 akashinda Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyehamia Kenya.

ZUHURA: Na Mehta mwaka ule hakumwacha mtu. Yeye na Harry Källström walimaliza na adhabu sawasawa, kanuni ya sare ndiyo ikampa yeye. Källström mwenyewe alikuwa ndani ya Datsun nyingine, 1800 SSS.

BAKARI: Sasa tuje kwenye chuma. Hiyo 180 ni ya nini?

ZUHURA: Kipenyo cha krauni, ile gia kubwa ya duara ndani ya difu, kwa milimita. Kuna R160, R180, R200, zote za ukoo mmoja. 240Z nyingi ziliuzwa na difu ya kawaida. Ukikuta LSD ndani, ujue kuna mtu aliitafuta akaiweka.

BAKARI: Mimi nilifundishwa kwamba difu ya kawaida inapeleka nguvu yote kwenye tairi linaloteleza.

ZUHURA: Wengi tulifundishwa hivyo, na si kweli. Difu ya kawaida inagawa nguvu ya kuzungusha nusu kwa nusu, siku zote, na ubaya wake uko hapo hapo. Tairi la kushoto likiwa kwenye tope linazunguka kwa nguvu kidogo sana. Basi na la kulia, ambalo liko pakavu, linapewa kidogo hicho hicho. Kidogo na kidogo, gari haliendi. Kinachokimbilia upande mmoja ni mzunguko. Nguvu imegawanywa sawa, ila haitoshi.

BAKARI: Na LSD inaongeza nini?

ZUHURA: Inaongeza msuguano kati ya pande mbili. Ukitaka tairi moja likimbie kuliko lenzake, sharti kwanza lishinde huo msuguano. Sasa nisikilize vizuri, maana mafundi wengi wanakosea hapa: msuguano huo unatoka sehemu mbili tofauti. Sehemu ya kwanza ni springi, hizi pleti zilizopinda kidogo kama sahani. Zinabana muda wote, hata gari likiwa limezimwa. Sehemu ya pili ni hizi ringi mbili nzito za katikati. Ebu shika.

BAKARI: Nzito kweli. Zina mikato ya V.

ZUHURA: Ndani ya hiyo mikato unakaa msalaba wa spaida, yaani mhimili unaobeba zile gia ndogo za katikati. Ukikanyaga mafuta, krauni inazungusha boksi, hili kasha linalobeba haya yote, boksi linazungusha ringi, na ringi ndizo zinazousukuma msalaba. Msalaba unapanda kwenye mteremko wa V na kuzitenganisha zile ringi. Moja inakwenda kushoto, nyingine kulia, kila moja inabana klachi za upande wake. Ukikanyaga zaidi, zinabana zaidi. Ukiachia, zinaregea.

BAKARI: Kwa hiyo kazi kubwa inafanywa na mteremko, springi ni wa kuanzisha tu.

ZUHURA: Umemaliza. Springi ipo kwa sababu tairi likiwa hewani kabisa halina upinzani, na pasipo upinzani msalaba hauna cha kupandia. Springi inaweka ule upinzani wa kuanzia. Mtu akikuletea gari akasema “LSD yangu imelegea, ikaze”, mara nyingi anachotaka uongeze ni springi tu. Kukaza springi siyo kutengeneza difu.

BAKARI: Hapo tutarudi, najua una lako moyoni. Kwanza, mtu anajuaje kwamba LSD imekufa bila kufungua?

ZUHURA: Unaipima ikiwa chini ya gari. Tairi za mbele weka vizuizi, gia huru, breki ya mkono achia. Nyuma piga jeki upande mmoja, tairi moja libaki chini. Lililo juu livue. Chukua kipande cha chuma bapa, kifunge kwenye stadi mbili za habu, katikati kiwe na nati uliyoichomelea. Weka spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, pale, vuta taratibu, soma namba habu inapoanza kuzunguka. Linganisha na kitabu cha gari lako. Ikizunguka kwa mkono mtupu, springi na klachi zimekwisha. Namba ikiwa chini kidogo tu ya kitabu, mimi siifungui. Namwaga oili, naweka oili sahihi, tunaonana baada ya miezi kadhaa.

BAKARI: Hii ya leo ulifungua.

ZUHURA: Hii ilikuwa inazunguka kwa vidole viwili. Kushusha difu kwenyewe sitakusimulia, ni kazi ya bolti na mgongo. Tahadhari moja tu: ukishaondoa kifuniko cha nyuma, kabla hujafungua vifuniko vya pembeni vinavyoshika beringi, piga alama. Cha kushoto kirudi kushoto na cha kulia kirudi kulia, ukivibadilisha beringi haikai sawa. Na shimu, zile ringi nyembamba za kurekebisha nafasi, za kila upande ziwekwe kwenye mfuko wake. Mimi naandika kwa kalamu ya rangi juu ya chuma chenyewe, kwa sababu mfuko unapotea.

BAKARI: Halafu unafungua boksi lenyewe.

ZUHURA: Unafungua na kupanga kila kitu mezani kwa mfuatano uleule. Tazama hii. Kuna diski na kuna pleti. Diski ina meno ya ndani, inaingia kwenye gia ya pembeni na kuzunguka na ekseli. Pleti ina masikio ya nje, inashika kwenye boksi. Zinapishana: diski, pleti, diski, pleti. Unaiona rangi ya hii?

BAKARI: Buluu. Na hapa pembeni inang'aa kama kioo.

ZUHURA: Buluu ni joto. Huko kung'aa ni kwamba michoro ya usoni imelambwa yote. Diski mpya ukipitisha ukucha unasikia mikwaruzo midogo midogo, hapo ndipo oili inapokimbilia. Hii imekuwa laini, kwa hiyo oili inabaki katikati na diski inateleza. Sasa chukua maikromita. Pima kwenye jino, pale ambapo hapasuguliwi. Halafu pima usoni.

BAKARI: Kwenye jino moja nukta tano na kidogo. Usoni... moja nukta tatu na kitu.

ZUHURA: Umeona? Hiyo tofauti ndiyo uchakavu. Ikifika kama sehemu moja ya kumi ya milimita, diski naitupa, na hii imepita mbali. Baada ya hapo unailaza kwenye kioo kinene, unajaribu kupitisha fila geji, kile kibati chembamba cha kupimia nafasi, chini yake. Ikipita, diski imepinda kwa joto, hata kama unene unafaa. Iliyonyooka na yenye unene mzuri lakini imeng'aa, hiyo naiokoa: msasa mzuri juu ya kioo, naizungusha kwa vidole mpaka mng'ao uondoke, basi.

BAKARI: Na boksi lenyewe?

ZUHURA: Angalia njia ambazo masikio ya pleti yanakaa. Yakiwa yamechimba vijishimo, pleti inanasa, haitembei. Utaweka klachi mpya na LSD itafanya kazi kwa mishtuko. Tazama pia mteremko wa V na kifua cha msalaba. Nikikuta vimechimbika, kazi naisimamisha na kumpigia mwenye gari, maana hapo bei inabadilika.

BAKARI: Sasa tuje kwenye lako. Diski mpya zinauzwa unene tofauti tofauti, sivyo?

ZUHURA: Ndiyo, na kwa sababu nzuri: upange mrundo wa kushoto na wa kulia ulingane, na nafasi iliyobaki ndani ya boksi iwe ile ya kitabu. Mtu asiyejua anachukua zile nene kuliko zote, anazisukumia humo, anafunga kwa nguvu. Aliletwa kwangu mteja mwenye gari kama hili, difu imetoka gereji moja mjini. Spana ya toki ilikataa kabisa kusogea kwenye namba ya kitabu, ikabidi nitafute ndefu zaidi. Kwenye lami kavu, akikata kona ya kuegesha, tairi za nyuma zinalia na usukani unataka kwenda mbele tu.

BAKARI: Pua haiingii kona.

ZUHURA: Haiingii. Na mvua ikinyesha ni balaa la aina nyingine. Difu ya kawaida tairi moja likiteleza, lenzake bado linashika na kuzuia mkia usitoke. Ukizifunga zote mbili kwa springi, zinateleza pamoja, na mkia unatoka bila kukuaga. Yule bwana alikuwa anasifia: “LSD yangu sasa ina nguvu.” Ilikuwa na springi. Mteremko wa V haukuwa na nafasi hata ya kufanya kazi yake.

BAKARI: Na wale wanaochomelea spaida kabisa?

ZUHURA: Vijana wa drifti. Kwa gari la uwanjani la bei rahisi, sina neno. Kwa gari la barabarani linalokwenda sokoni, hapana. Linatafuna tairi, na mzigo wote unaishia kwenye joenti za shafti za pembeni.

BAKARI: Turudi kwenye kufunga.

ZUHURA: Diski na pleti zote zioge kwenye oili ya LSD kabla hazijaingia. Si kupakwa, zilowe. Ukizifunga kavu, mzunguko wa kwanza tu zinakwaruzana. Bolti za krauni weka mpya, na gundi ya nyuzi, kaza kwa kupishanisha zinazotazamana mpaka kipimo cha kitabu. Boksi likiwa lilelile na shimu zilezile, nafasi ya meno kati ya krauni na pinioni, gia ndogo inayoizungusha krauni, inarudi ilipokuwa, lakini ipime hata hivyo. Daial geji, kipimo chenye mshale, kwenye jino la krauni, pinioni imeshikwa, tikisa. Kwa R180 natafuta kati ya milimita 0.1 na 0.2. Ukiwa umebadilisha boksi, umeingia kazi ya shimu, na hapo paka rangi kwenye meno, zungusha, tazama alama imekaa wapi. Alama ikikimbilia ncha ya jino, difu itaimba mpaka uichukie.

BAKARI: Oili? Maana hapa kila mtu ana yake.

ZUHURA: Oili ya gia ya daraja la GL-5 iliyoandikwa kwamba ni ya LSD, au ya kawaida pamoja na ile dawa ya msuguano. Bila dawa, klachi zinashika na kuachia, zinashika na kuachia, ukiwa unakata kona polepole unasikia kwara-kwara chini ya kiti. Watu wanafungua difu nzima kwa sauti ambayo ingeisha kwa chupa moja. Na usiimwage dawa kupita kiasi, utazifanya klachi ziteleze ulizozilipia zisiteleze.

BAKARI: Halafu kuizoesha.

ZUHURA: Tafuta uwanja mpana. Piga nane za polepole, kushoto na kulia, bila kukanyaga kwa hasira. Pumzika ipoe, rudia. Baada ya mwendo mfupi mwaga ile oili, itatoka na unga wa chuma. Huo ni wa kawaida. Vipande si vya kawaida.

BAKARI: La mwisho, maana ujumbe umetujia kwa wingi. Mtu yuko Kirinyaga Road Nairobi, au Gerezani Dar, ameoneshwa difu sakafuni, anaambiwa “hii LSD, kaka”. Anajuaje?

ZUHURA: Azungushe flenji moja, pale shafti ya pembeni inapofungwa, kwa mkono, atazame ya upande wa pili. Ikizunguka upande uleule, na pinioni nayo inakwenda, yaelekea ni ya klachi na bado ina uhai, isipokuwa kama spaida zimechomelewa. Ikizunguka kinyume, yaweza kuwa ya kawaida. Yaweza pia kuwa LSD iliyokufa kama hii yetu, au ya gia za mshazari, ile jamii ya Torsen aliyoibuni Vernon Gleasman. Hiyo ya gia haina klachi, kwa hiyo mkononi inajifanya ya kawaida.

BAKARI: Mwenye duka naye atasema hiyo ndiyo LSD ya gia.

ZUHURA: Atasema! Kwa hiyo omba kifuniko cha nyuma kifunguliwe, bolti chache tu. Kwenye ya kawaida utaziona spaida zimekaa wazi dirishani. Kwenye ya klachi, mara nyingi unaona kingo za pleti zimepangana. Chovya kidole kwenye oili, isugue. Ikiwa nyeusi na inanuka hivi, punguza bei kwa gharama ya klachi mpya papo hapo, kabla hujatoa pesa mfukoni.

BAKARI: Na kama hataki kufungua?

ZUHURA: Mlipe bei ya difu ya kawaida, au endelea duka la pili. Yako mengi pale.

BAKARI: Kipindi kijacho tunabaki chini ya gari hili hili. Rabba za kuning'inizia difu hatujazigusa kabisa, na zimepasuka zote.