Timu Iliyotwaa Kombe Ikafa: Rochester na Madaraja ya Chini ya Soka ya Marekani

Mabibi na mabwana, karibuni.

Tarehe 14 Septemba 1999, mjini Columbus, Ohio, timu ya daraja la pili iliyoitwa Rochester Raging Rhinos iliichapa Colorado Rapids mabao 2–0 na kutwaa Kombe la US Open, mashindano yanayochezwa tangu msimu wa 1913–14. Doug Miller alifungua lango kipindi cha pili, Yari Allnutt akamaliza kazi dakika za mwisho. Njiani walikuwa wamekwisha kuzitoa Chicago Fire, Dallas Burn na Columbus Crew. Pamoja na Colorado, hizo ni timu nne za ligi kuu, MLS, zilizolala moja baada ya nyingine. Tangu siku ile hakuna klabu ya nje ya MLS iliyolibeba tena kombe hilo. Rochester yenyewe haipo tena. Ilivunjwa Machi 2023.

Sisi tumezoea kwamba timu ikiburuza mkia inashuka, ikiongoza inapanda. Marekani haikuwa hivyo. Kule shirikisho huidhinisha ligi nzima kuwa ya daraja fulani, na kinachopimwa ni karatasi na fedha. Chukueni viwango vilivyotolewa mwaka 2014. Daraja la pili linataka uwanja wa watu 5,000 angalau, mmiliki mkuu mwenye utajiri wa dola milioni 20, na dhamana ya dola 750,000 kwa kila timu, ili timu ikianguka katikati ya msimu wadai wasiachwe mikono mitupu. Daraja la tatu linashuka hadi uwanja wa watu 1,000 na mmiliki wa dola milioni 10. Daraja la kwanza ni watu 15,000 na dola milioni 40. Someni vigezo vyote mpaka mwisho, hamtakuta hata kimoja kinachouliza timu ilipata pointi ngapi.

Sasa turudi Rochester. Klabu ilianza mwaka 1996, na mwaka huohuo ikafika fainali ya kombe, ikafungwa na D.C. United 3–0. Mwaka 1997 ilihamia Frontier Field, uwanja wa besiboli katikati ya mji, na ikawa inaingiza watu zaidi ya 10,000 kwa mechi. Kwa klabu ya daraja la pili huo ni umati mkubwa mno. Lakini uwanja wa besiboli una taabu zake. Kuna kilima cha mrushaji, ambacho kwa kanuni kina inchi 10 kwenda juu, sawa na sentimita 25, na lazima kiondolewe au mchezaji atajikwaa. Kuna eneo la udongo mtupu linalopaswa kufunikwa kwa nyasi, na maungio ya nyasi hizo ndiko vifundo vya miguu vinakoteguka. Upana nao ni wa kubanwa, mawinga hawapati nafasi. Kubwa kuliko yote, anayepanga uwanja wa mwenzake hugawana mapato ya maegesho, vinywaji na mabango, au hukosa kabisa. Timu inabaki kutegemea mapato ya mlangoni.

Kwa hiyo uamuzi wa kujenga uwanja wao ulikuwa na mantiki. PAETEC Park ulifunguliwa mwaka 2006, ukiwa na nafasi zaidi ya 13,000, na ulichorwa kwa namna ya kuweza kupanuliwa, macho yakiwa kwenye MLS. Hapa ndipo kwenye kiini, na naomba tukae kidogo. Msimu wa ligi hizi huipa timu mechi za nyumbani 14 hadi 17 hivi. Rochester ni mji wa theluji, hivyo miezi ya baridi uwanja wa wazi hauingizi kitu. Deni la ujenzi, bima, umeme na ukarabati havina likizo. Mwaka 2008 wamiliki walishindwa, klabu ikabadili mikono. MLS haikufika. Uwanjani timu iliendelea kuwa nzuri, ikatwaa mwaka 2015 ubingwa wa USL, ligi iliyo chini ya MLS, lakini baada ya msimu wa 2017 ikasimamisha shughuli. Ilirudi mwaka 2022 kwa jina la Rochester New York FC, mshambuliaji wa Leicester wa wakati huo, Jamie Vardy, akiwa mmoja wa wamiliki. Ikaingia MLS Next Pro, ligi ambayo timu zake nyingine zote msimu huo zilikuwa za vijana wa klabu za MLS, zenye mama wa kuzilipia gharama. Rochester ilikuwa peke yake. Ilidumu msimu mmoja.

Linganisheni na Richmond Kickers ya Virginia, iliyoanzishwa mwaka 1993 na kutwaa kombe hilohilo mwaka 1995. Bado ipo. Inacheza City Stadium, mali ya mji, na mara mbili imeteremka kwa hiari yake kutoka daraja la pili hadi la tatu, mwaka 2006 na mwaka 2019. Kwa shabiki inauma. Kwa mhasibu ni safari fupi zaidi, basi badala ya ndege, na mishahara inayolipika. Mimi nawaheshimu sana waliofanya uamuzi ule, maana waliiokoa klabu.

Njia ya kwenda juu, kwa upande mwingine, ilikuwa kununua. FC Cincinnati ilianza kucheza mwaka 2016 katika USL, ikavuta wastani wa watu zaidi ya 17,000, mwaka uliofuata zaidi ya 21,000. Iliingia MLS mwaka 2019 kwa ada ya dola milioni 150, na ikamaliza ya mwisho. Haikushuka, kwa sababu hakuna pa kushukia. Miaka michache baadaye San Diego ililipa dola milioni 500.

Machi 2025 wamiliki wa klabu za USL walipiga kura kuanzisha kupanda na kushuka katika madaraja yao matatu kuanzia mwaka 2028. Nimefurahi kweli. Lakini vigezo vile vya uwanja na utajiri havijafutwa na kura hiyo. Bingwa wa daraja la tatu mwenye uwanja wa watu 3,000 atatakiwa kupata viti 2,000 zaidi na mmiliki tajiri maradufu ndani ya miezi michache ya mapumziko. Anayeshuka naye atabaki na mikataba ya mishahara ya daraja la juu huku wadhamini wakipunguza mkono. Klabu zenye busara zianze sasa kuandika vipengele viwili kwenye kila mkataba: mshahara wa tukipanda, na mshahara wa tukishuka.