Kioo Hakina Kosa: Mhadhara kwa Wenye Darubini ya Kwanza, Lubumbashi

Jambo yenu wababa, wamama, na ninyi vijana mliokaa chini kwa kukosa viti. Nimepita pale mlangoni nikazitazama darubini mlizokuja nazo. Nyingi ni za familia moja: bomba refu, kioo cha milimita 114 huko chini, miguu mitatu ya aluminiamu, na boksi lenye picha ya Zohali ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuiona kwa darubini hiyo.

Malalamiko nayo ni ya familia moja. "Mwalimu, naona ukungu tu. Kioo kimekufa?" Karibu kila mara, hapana. Kioo cha milimita 114 chenye urefu wa fokasi (umbali kutoka kiooni hadi mahali mwanga unapokusanyika) wa milimita 900 si kazi ngumu kwa kiwanda. Hata kikichongwa kwa mviringo wa tufe badala ya parabola, umbo linalokusanya mwanga mahali pamoja, kwa urefu huo tofauti ni ndogo mno, jicho haliitambui. Picha inaharibiwa na vitu vinavyokizunguka kioo, na vingi vinatengenezeka hapa hapa kwa bisibisi na subira.

Sisi watu wa Katanga tusikiogope kioo cha darubini, maana kilianzia kwenye madini yetu. Isaac Newton alipotengeneza darubini yake ya kioo mwaka 1668, kioo hakikuwa glasi. Kilikuwa mchanganyiko wa shaba na bati, uliong'arishwa mpaka ukaakisi. William Herschel alipoigundua sayari ya Uranus mwaka 1781 alitumia kioo cha aina hiyo hiyo. Shaba kama ya hapa, bati kama la Manono. Ubaya wake, vioo vile vilipoteza sehemu kubwa ya mwanga na vilififia upesi, vikahitaji kung'arishwa upya. Mwaka 1857 Léon Foucault kule Ufaransa alianza kutumia glasi iliyopakwa fedha, na katika miaka ya 1930 ikaja aluminiamu. Kioo chako cha bei nafuu kinaakisi mwanga vizuri kuliko kile cha Herschel. Basi tumwache kioo apumzike.

Tuanze na ile namba iliyoandikwa boksini, kwa sababu ndiyo inayowaua wengi: "mara 675". Imetoka wapi? Chukua 900, gawanya kwa lenzi ya jicho, ile unayochungulia, ya milimita 4, unapata 225. Zidisha kwa lenzi ya Barlow, ile ya kuongeza ukuzaji, ya mara 3, unapata 675. Hesabu ni sahihi, lakini haina maana yoyote. Kikomo cha darubini yoyote ni kama mara mbili ya kipenyo cha kioo kwa milimita. Kwa 114 ni mara 228, na hiyo ni usiku ambao hewa imetulia sana. Ukipita hapo unakuza ukungu. Anza na lenzi ya milimita 25, inayokupa mara 36. Ukishakipata kitu, weka ya 10, upate mara 90. Ile Barlow ya plastiki irudishe ndani ya boksi.

Na ikiwa boksini kuna kichujio cheusi kidogo cha kufunga kwenye lenzi ya jicho ili kutazama jua, kivunje leo. Mwanga wote uliokusanywa na kioo unakichoma pale pale karibu na jicho. Kinaweza kupasuka ghafla, na jicho haliuzwi dukani.

Sasa kazi yenyewe: kulinganisha vioo, yaani kuviweka vielekeane sawasawa. Darubini hii ina vioo viwili. Kikubwa kiko chini, kidogo kiko juu kimelala kwa nyuzi 45, kinautupa mwanga pembeni kwenye jicho. Vikipindana kidogo tu, nyota inakuwa na mkia na sayari inakuwa uji. Na darubini iliyosafiri kwa lori kutoka mpakani Kasumbalesa, kwa barabara mnayoijua, haiwezi kufika ikiwa imenyooka.

Fanya kazi hii mchana. Laza bomba, lisisimame wima, ili bisibisi ikikuponyoka isiangukie kioo kikuu. Toa lenzi ya jicho, na mahali pake weka kifuniko cha plastiki kinachoingia bila kucheza, ulichokitoboa tundu dogo katikati kabisa. Chungulia. Kwanza, kioo kidogo kionekane duara na kiwe katikati ya mrija wa jicho, ule unaoshika lenzi. Pili, kwa skrubu zake tatu ndogo, kigeuze mpaka ndani yake uone kioo kikuu chote, pamoja na vibanio vitatu vinavyokishika. Hapo usikubali vibanio viwili. Tafuta cha tatu. Tatu, nenda nyuma ya bomba, legeza skrubu za kufungia, kisha zungusha zile za kurekebisha, kidogo kidogo, mpaka alama ya katikati ya kioo kikuu ikae juu ya taswira ya tundu lako.

Kama kioo chako hakina alama, kitoe, pima kwa uangalifu, ubandike kipete kidogo cha karatasi, vile vya kuimarisha matundu ya karatasi za faili. Mwenzetu mmoja ameuliza kama alama hiyo haitaziba mwanga. Haizibi. Imekaa kwenye kivuli cha kioo kidogo, mahali ambapo mwanga wa nyota haufiki hata hivyo.

Usiku hakikisha kwa nyota. Chagua iliyo juu sana. Mwezi wa saba jioni Antares, ile nyekundu ya kwenye kundi la nyota la Nge, inapita karibu na utosi wetu. Iweke katikati, kuza sana, kisha haribu fokasi kidogo, nyota isionekane kali. Utaona pete za mwanga zenye doa jeusi ndani. Doa likikaa katikati, umemaliza. Likiegemea upande, gusa skrubu moja ya kioo kikuu, robo ya mzunguko au chini ya hapo, irudishe nyota katikati, tazama tena. Ikizidi kuharibika, rudi upande wa pili.

Onyo moja kwa wenye darubini fupi. Ikiwa imeandikwa milimita 1000 lakini bomba lenyewe ni kama nusu mita tu, ndani ya mrija wa jicho kuna lenzi iliyofichwa. Hiyo haiendi kwa njia ya tundu, maana lenzi inakudanganya. Fanya jaribio la nyota peke yake, na ukubali kwamba itakusumbua. Binafsi sizipendi darubini hizo, na anayetaka kununua namwambia apite mbali.

La pili ni joto, na hapa Lubumbashi lina uzito wake. Majira yetu mazuri ya anga ni kiangazi, mwezi wa tano hadi wa tisa. Lakini ndiyo miezi ambayo mchana unavaa shati na usiku unatafuta koti. Mwezi wa saba joto linatoka nyuzi 25 hivi na kushuka chini ya 10. Kioo kilichokaa sebuleni kinatoka nje kikiwa na joto la mchana, na hewa ya moto inapanda ndani ya bomba kama mvuke juu ya sufuria ya bukari. Sayari inatetemeka, wewe unailaumu lenzi. Toa darubini nje saa nzima kabla ya kutazama. Kama nyuma ya kioo kuna kifuniko cha plastiki, kitoe hewa ipite. Mwenye ufundi anaweza kufunga feni ya kompyuta ya volti 12 ikivuta hewa nyuma. Na usitazame juu ya paa la mabati la jirani wala usisimame kwenye saruji iliyoota jua kutwa. Tafuta nyasi. Dirishani, usijaribu kabisa.

Miguu. Usiivute yote, kaa kwenye kiti, uiache mifupi, na katikati yake ning'iniza bidoni ndogo yenye maji. Wenye stendi ya ikweta wana shida ya pekee ambayo vitabu vya Ulaya haviigusi. Mhimili wa stendi hiyo unatakiwa uelekee ncha ya anga, mahali ambapo nyota zinaonekana kuzunguka, na kwetu ncha ya kusini iko karibu nyuzi 12 tu juu ya upeo wa macho. Stendi nyingi ndogo zimetengenezwa kwa watu wa kaskazini. Ukizilaza kiasi hicho, uzito unagonga miguu. Ikiwa yako inaruhusu, simamisha mhimili wima kabisa, uitumie kwa kupanda, kushuka, kulia na kushoto.

Au itupe, umpe seremala mbao za plaiwudi. John Dobson, aliyekuwa akionyesha watu anga barabarani San Francisco, alieneza sanduku la mbao linalozunguka juu ya vipande vya Teflon, plastiki inayoteleza. Kipande cha bidoni ngumu ya plastiki kinafanya kazi kwa kiasi chake, na wapo waliotumia santuri za zamani kama sahani ya kuzungukia. Chagua rumba iliyokwaruzika.

Mengine ni mafupi. Ndani ya bomba, hasa mkabala na mrija wa jicho, paka rangi ya ubao wa darasani, ile isiyong'aa; Mwezi utakuwa na weusi zaidi pembeni. Kioo kikuu ukitoe kabla ya kupaka. Vumbi letu jekundu lisikutie haraka ya kufuta. Vumbi kidogo halidhuru, kitambaa cha shati kinadhuru. Ikibidi kabisa, mwagia maji, tone la sabuni ya vyombo, pamba ipite kwa uzito wake tu, kisha suuza kwa yale maji safi yanayoongezwa kwenye betri. Si asidi, tafadhali, soma chupa.

Mama pale nyuma ameuliza: nikishafanya yote haya, ninunue nini? Lenzi moja ya jicho ya aina ya Plössl, milimita 6, ya kipenyo kinachoingia kwenye mrija wako: pima kwanza kama ni milimita 31.7 au 24.5. Itakupa mara 150. Lakini kabla ya kutoa pesa, elekeza darubini kwenye Acrux, nyota ya chini ya Msalaba wa Kusini, ukitumia ile ya 10. Ni nyota mbili zilizoachana kwa sekunde 4 hivi za pembe (nyuzi moja ina sekunde 3600), na kioo cha 114 kina uwezo wa kuzitenganisha bila jasho. Ukiona mbili, nenda dukani. Ukiona moja yenye mkia, rudi kwenye skrubu.