Bibi Asimame Kwanza

Assalaam alaykum. Nimeombwa leo nisirudie habari ya kumpima mtu presha akisimama, maana kila nikipewa kipaza sauti hapa Lamu ndiyo niisemayo. Niwieni radhi, naisema.

Bibi mmoja wa miaka 84 aliletwa kwangu na mjukuu wake, dawa amezifunga kwenye ncha ya leso. Nikampima ameketi: 152 kwa 80. Mjukuu akafurahi, akaanza kutafuta viatu. Nikamwambia, "Ngoja. Bibi, hebu simama." Akasimama, kashika meza. Dakika ya kwanza 128, ya tatu 112. Akaniambia, "Mwanangu, hiki ndicho kisunzi kinachonipata nikiinuka kwenye sijda." Kumbe miezi minne anasali kwenye kiti, na nyumbani wanasema uzee huo! Presha ikishuka 20 ile namba ya juu, au 10 ile ya chini, ndani ya dakika 3 za kusimama, huo si uzee, jamani.

Tukaifungua leso. Dawa nne, kutoka vituo viwili, na mbili kati yake ni dawa moja, majina ya kiwanda tu ndiyo tofauti. Ile ya kukojosha anaimeza akienda kulala, basi usiku mara tatu anashuka ngazi gizani. Ngazi zetu mwazijua.

Mzee pale nyuma anatikisa kichwa: kwa hivyo dawa tuzitupe? La! Nani kasema hivyo? Mwaka 2008 yalitoka matokeo ya HYVET, utafiti wa dawa za presha kwa wazee, watu 3,845, wote wa miaka 80 kwenda mbele, namba ya juu ya presha 160 au zaidi. Kwa waliopewa dawa vifo vilipungua kwa asilimia 21, moyo kushindwa kazi kwa asilimia 64. Kwa faida hiyo utafiti ukasimamishwa kabla ya muda wake. Lakini shabaha yao ilikuwa 150 kwa 80, na ambaye akisimama namba ya juu haifiki 140 hakuingizwa kabisa. Hata wao walisimamisha watu!

Habari ya chumvi ya ng'onda na achari nairuka, mshaanza kununa. Saumu: usijipangie saa za dawa mwenyewe, njoo Shaabani tuzipange. Na dawa haikatwi ghafla. Yule bibi tulimpunguzia moja moja, kwa wiki kadhaa, tukimpima kila mara.

Mzee, wewe uliyetikisa kichwa, njoo huku mbele. Mashine hii hapa. Keti kwanza dakika tano, usizungumze.