Unajua Kilichomo Ndani ya Chupa Yako?

Ndugu wanataaluma, wanafunzi, na ninyi mafundi sanifu ambao bila ninyi hakuna maabara inayosimama, asanteni kwa kuja. Mada niliyopewa ni mabadiliko na changamoto za maabara ya leo, na waandaaji wameniwekea orodha ndefu: roboti, akili bandia, usalama, nishati, taka. Nitagusa nitakayowahi. Wanaonifahamu wanajua nitaanzia wapi, na nitaendelea kuanzia hapo mpaka nione watu wamebadilika. Je, unajua kilichomo ndani ya chupa yako ya kukuzia seli? Namaanisha ulichokipima ukakithibitisha, maana lebo huandikwa na mtu, na mtu huchoka.

Habari ya seli za HeLa mnaifahamu, sitairudia yote. Ni seli za binadamu zinazokuzwa maabara duniani kote, zilizochukuliwa mwaka 1951 kwenye uvimbe wa Henrietta Lacks, mgonjwa wa saratani ya shingo ya kizazi, katika hospitali ya Johns Hopkins ya Marekani, bila yeye kuombwa ridhaa. Ninachotaka tukitazame ni kilichofuata. Mwaka 1966 mtaalamu wa jenetiki Stanley Gartler alisimama mbele ya wakuzaji seli akawaeleza kwamba koo 18 za seli walizokuwa wakizitumia, yaani seli zinazokuzwa kizazi baada ya kizazi kutoka chanzo kimoja, kila ukoo na jina lake na asili yake, zote zilikuwa na aina ileile ya kimeng'enya cha G6PD, yaani aina A, ambayo hupatikana karibu kwa watu wenye asili ya Afrika pekee. Baadhi ya koo hizo zilidaiwa kutoka kwa wagonjwa Wazungu. Maelezo yalibaki mamoja tu: zote zilikuwa HeLa. Watu walikuwa wakiandika makala juu ya ini na juu ya utumbo, kumbe wanakuza saratani ya shingo ya kizazi ya mwanamke mmoja.

Inatokeaje? Itazameni mikono ya mtu mwenye haraka mwisho wa siku. Ndani ya kabati la usalama kuna chupa mbili zilizofunguliwa kwa pamoja. Anavuta chakula cha seli kwa pipeti, anakitia kwenye chupa ya HeLa, ncha inagusa shingo ya chupa, kisha pipeti ileile inarudi kwenye chupa kubwa ya chakula. Tone lenyewe halionekani, na chakula hichohicho ndicho kinacholishwa chupa ya pili. HeLa hugawanyika takribani mara moja kwa siku, na seli za jirani huenda zikahitaji siku mbili au tatu. Wiki kadhaa baadaye unaangalia kwa hadubini, unaona chupa imejaa seli zenye afya, unafurahi. Hakuna kuvu, hakuna bakteria, hakuna kilichochacha. Wenyeji wamekwisha na wageni wamerithi nyumba pamoja na jina lake.

Na hiyo lebo yenyewe tunaiandika kwa kalamu tunayoambiwa haifutiki, halafu tunaipangusa chupa kwa alkoholi ya asilimia 70, wino unaondoka na kitambaa. Nimeshuhudia jina likiandikwa upya kwa kumbukumbu. Kwa kumbukumbu, jamani!

Kuna atakayeniambia hayo ni ya zamani. Haya, chukueni seli za MDA-MB-435. Kwa miaka mingi zilitumika kama seli za saratani ya matiti. Mwaka 2000 uchambuzi wa jeni ukaonyesha zinafanana na melanoma, saratani ya ngozi, na baadaye ikathibitika kuwa ni ukoo uleule wa melanoma unaoitwa M14. Makala zikaendelea kutoka zikiziita za matiti. Orodha ya kimataifa ya koo zenye utambulisho wa uongo ina majina zaidi ya 500, na wachunguzi waliohesabu mwaka 2017 walikuta makala zaidi ya 32,000 zilizotumia seli za namna hiyo. Hizo ni makala ambazo mwanafunzi wako atazisoma wiki hii na kuzijengea hoja.

Mwingine atasema kupima ni gharama. Kipimo cha STR, kinacholinganisha vipande vifupi vya DNA vinavyojirudia, ni njia ileile wanayotumia wachunguzi wa makosa ya jinai. Kinachukua siku chache. Pima gharama hiyo dhidi ya miaka mitatu ya kazi ya mtafiti juu ya seli zisizo zake, kisha uniambie kipi ni ghali. Tangu 2016 taasisi za afya za taifa za Marekani, NIH, zinamtaka mwombaji fedha aeleze atakavyothibitisha seli na kingamwili zake. Kwa nini tusubiri mpaka mtoa fedha atushike sikio?

Na wewe mwanafizikia unayetabasamu kwa kuwa hukuzi seli, data yako inapita wapi? Kwenye lahajedwali. Waulize wenzako wa jenetiki. Unafungua faili la maelfu ya majina ya jeni kwenye Excel, hujaandika chochote, na jeni inayoitwa SEPT2 imekuwa tarehe 2 Septemba. MARCH1 imekuwa siku ya Machi. Kwa miaka mingi programu haikukuuliza, nawe ukihifadhi tu, jina la awali limepotea. Mwaka 2016 ilibainika kuwa takribani moja ya tano ya makala zilizoambatanisha orodha za jeni za Excel zilikuwa na kosa hilo. Ikabidi mwaka 2020 wanaosimamia majina ya jeni za binadamu wabadilishe majina yenyewe: SEPT2 ikawa SEPTIN2, MARCH1 ikawa MARCHF1. Sayansi nzima ilibadilisha majina kwa sababu watu hawafungui faili walilohifadhi wakalisoma.

Muda unanikimbia, twende kwenye roboti. Mashine ya kumimina vimiminika inajaza visima 384 vya sahani moja bila mkono kutetemeka, na mimi naipenda. Ila ukiipa seli za uongo, itakujazia visima 384 vya uongo kwa usahihi mkubwa.

Akili bandia nayo hivyohivyo. AlphaFold, programu inayobashiri maumbo ya protini, imewapa watengenezaji wake Demis Hassabis na John Jumper sehemu ya Nobeli ya kemia ya 2024, na wanastahili. Lakini ilifunzwa kwa maumbo ya protini yaliyopimwa maabara moja moja na kuwekwa kwenye Benki ya Data za Protini, iliyoanzishwa 1971. Waliokuwa wakiweka maumbo hayo walitakiwa kuandika walichopima na namna walivyokipima, hata wakati ambapo hakuna aliyejua yatakuja kutumika hivi.

Kuhusu nishati nina neno moja. Maabara nyingi zimehamisha friza zao kutoka nyuzi 80 chini ya sifuri hadi 70, umeme ukapungua kwa takribani asilimia 30. Fanyeni hivyo. Lakini kwanza fungueni mlango, toeni masanduku yasiyo na jina wala tarehe, maana mnayalipia umeme na hakuna anayeweza kuyatumia. Plastiki na usalama nayaacha, mwenyekiti ananionyesha saa. Karibuni kwa maswali.